Fundi Cherehani Aliyetaka Kupita Goziba kwa Ndege

Waliokuwepo tulipomzika fundi wetu hapa Maruku Jumamosi iliyopita ni hawa. Nitawataja kwa uhusiano wao tu, kwa sababu mhariri wa gazeti hili ana sharti kwamba safu hii haitaji watu kwa majina. Majina yote ninayo, ya ubatizo na ya ukoo, hata yale ya utotoni ambayo wenyewe wanadhani yamesahaulika, lakini sharti ni sharti. Alikuwepo mjane, ameketi ndani pamoja na wanawake wa ukoo. Alikuwepo kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa Rubya, aliyefika na kiti chake mwenyewe kimefungwa nyuma ya pikipiki kwa kuwa haamini viti vya kukodi. Alikuwepo mama mwenye duka la steshenari Bukoba mjini, ambaye si ndugu wala mkwe, lakini alikaa upande wa ndugu na hakuna aliyethubutu kumhamisha. Alikuwepo binti pekee wa marehemu, aliyevuka ziwa kutoka kisiwa cha Goziba pamoja na mume wake mvuvi na watoto wao. Nilikuwepo mimi, jirani, ambaye migomba yangu na ya marehemu imepakana mpaka majani yanapigana makofi upepo ukivuma. Na walikuwepo wanaume wawili kutoka Mwanza ambao hakuna aliyewafahamu. Hao walilia kuwashinda wapwa. Mchungaji alipowauliza kwa upole wao ni nani kwa marehemu, mmoja alijifuta macho akasema, "Sisi ni wajenzi wenzake wa ndege." Mchungaji akamtazama mjane, mjane akaitikia kwa kichwa, ibada ikaendelea.

Alifariki Jumatano asubuhi, kitandani kwake, akiwa amekunywa uji na kulalamika kwamba sukari ni kidogo. Nusu ya waliosimama kaburini walikuwa wamevaa kitu alichokishona yeye: kanzu ya mchungaji, sare za kwaya, suruali ya mzee wa Rubya yenye mfuko wa siri ambao watu wote wa Rubya wanaujua. Cherehani yake ilikaa barazani miaka yote. Akikupima hakuandika chochote. Alikutazama usoni, na mwaka unaofuata akikuona njiani alikwambia kiuno kimeongezeka. Kuhusu ndege, wageni wa Mwanza hawakusema uongo. Fundi wetu alikuwa anajenga ndege ya mtu mmoja, ya mbao na kitambaa, ya aina ile ambayo watu huko duniani huijenga wenyewe majumbani siku za mapumziko kama wengine wanavyofuga njiwa. Ila kabla ya ndege kuna mchoro, na kabla ya mchoro kuna programu ya kuchorea kwenye kompyuta, na hapo kwenye kuchagua programu ndipo tulipokwama, watu wazima watano, kwa muda ambao ninaona haya kuutaja.

Lazima niseme kwanza ndege ilikuwa ya nini. Binti yake alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza na wa mwisho. Alimfundisha cherehani tangu miguu yake haijafika kwenye kanyagio, na kila mtu alijua kwamba mashine ile ni ya binti. Kisha binti akaenda Goziba kuwauzia wavuvi nguo, akasema atarudi upesi, akakaa. Goziba mnaijua, au mmeisikia: mawe, mabanda ya mabati, dagaa juani, wanaume kutoka kila upande wa ziwa, na hakuna njia ya kufika isipokuwa boti. Huko akaolewa na mvuvi bila mtu yeyote kuja Maruku kubisha hodi, bila mshenga, bila rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila hata salamu. Baba yake alisema mbele yetu sote kwamba hatapanda boti kumfuata mtu aliyeondoka bila kuaga. Maneno yale yakavuka ziwa, na binti akajibu kutoka kule kwamba atakanyaga Maruku siku ambayo tata, maana ndivyo tunavyomwita baba, atakuwa amekwenda kwanza kunywa chai kwake. Basi. Wajukuu wakazaliwa, wakaota meno, na babu yao akawajua kwa picha za kwenye simu ya mkewe, ambazo alizitazama kwa pembeni akijifanya anaangalia saa.

Siku moja nilikuwa napalilia migomba, akanijia mpakani akiwa na penseli sikioni.

"Mama, nimepata njia," akasema.

"Njia ya wapi?"

"Ya Goziba. Nikienda kwa boti, nimemfuata. Hilo haliwezekani. Lakini nikienda kwa ndege, nimepita tu."

"Umepita kwenda wapi, fundi? Mbele ya Goziba ni maji."

"Mtu wa ndege haulizwi anakwenda wapi."

"Na ukishuka pale?"

"Nikishuka, ni injini imetaka kupoa. Injini ikipoa mtu ananyoosha miguu. Akinyoosha miguu, na kama jirani kuna chai, anakunywa. Hapo kuna aliyemfuata mwenzake?"

Nikamtazama kuona kama anatania. Lakini akiwa na penseli sikioni hakuwahi kutania.

Alijiunga na kundi la kwenye simu la wajenzi wa ndege wa nyumbani. Wengi walikuwa Wakenya, wachache wa Arusha na Mwanza, na daktari mmoja wa meno wa Kampala. Fundi alidhani watazungumza habari za mabawa. Hawakuzungumza mabawa. Walizungumza programu za kuchorea, asubuhi hadi jioni, kama watu wa madhehebu waliogombania kiwanja cha kanisa. Huyu akisema yake ndiyo bora, yule anamjibu kwamba programu hiyo ni ya watoto; daktari wa meno alijitoa kwenye kundi kwa hasira, akarudi, akajitoa tena. Fundi akawauliza kwa unyenyekevu kama hawezi kuchora kwa chaki kama alivyozoea. Wakamweleza, na hapo wote walikubaliana, kwamba chaki haijui uzito. Programu inajua ndege ina uzito gani kabla hujakata ubao hata mmoja, inakuonyesha kama itakalia mkia, na wenye mamlaka ya anga hawatakupa kibali kwa mchoro wa chaki. Mtu aliyeishi kwa kuogopa mkasi, maana kitambaa kikishakatwa hakirudi, alielewa mara moja. Ila sasa achague ipi?

Akaja kwangu kwa sababu ya kazi yangu. Huku kwetu, kabla ukoo haujapokea binti wa watu, anatumwa mtu kuulizia nyumba anayotoka: ni watu wa namna gani, wana magonjwa gani, wanapokeaje wageni, bibi yao aliachika kwa nini. Miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa ninajua nani alimzaa nani kuanzia Maruku hadi Muleba. Fundi aliona kama ninaweza kuchunguza mchumba, nitaweza kuchunguza programu. Nikamwambia sikupita darasa la nne, na kompyuta sijawahi kuishika.

"Na wale wachumba," akasema, "uliwahi kuwashika?"

Basi tukakaa sebuleni kwake kama ukoo unavyokaa. Fundi na mkewe, mzee wa Rubya kama kaka mkubwa, mimi mchunguzi, na yule mama wa steshenari kama mshenga, maana kompyuta ilikuwa yake na yeye ndiye aliyewaleta wachumba. Aliiweka juu ya kitambaa cha meza kilichofumwa, kahawa ya kutafuna ikapitishwa, na mzee wa Rubya akaomba tuanze kwa sala. Programu zilikuwa tatu. Majina yao ninayajua, lakini wenyewe hawajalipia tangazo, kwa hiyo nitawaita kama tulivyowaita siku ile: Wa Bure, Wa Ada, na Wa Hewani.

"Huyu Wa Bure," mzee wa Rubya akauliza, "baba yake ni nani?"

"Hana baba mmoja, mzee. Ametengenezwa na watu wengi wa kujitolea, dunia nzima."

Mzee akaacha kutafuna. "Watu wengi."

"Ndiyo, mzee. Na hawadai hata senti."

"Binti ana baba wengi na hakuna anayedai mahari. Endelea, nasikia."

Nikauliza tabia. Mama wa steshenari akasema Wa Bure ana nguvu, anafanya karibu kila kazi, tena anakaa ndani ya kompyuta hata mtandao ukikatika. Ila ukirudi kubadilisha kitu ulichochora mwanzoni, vyote vilivyofuata vinaweza kuvunjika.

"Anaweka kinyongo," akasema mke wa fundi, na sote tukakubali kwamba hilo linavumilika.

Wa Ada alikuwa wa nyumba kubwa. Anatumikia viwanda vinavyotengeneza ndege za kweli, ana adabu, havunjiki ovyo. Lakini analipiwa kila mwaka, na mwaka usipolipa anafunga mlango na michoro yako inabaki ndani.

"Mahari ya kila mwaka," akasema mzee wa Rubya. "Huyo si mke. Huyo ni kodi ya pango."

"Kuna muda wa kumjaribu kwanza, mzee, bila malipo."

"Mama, ukoo wetu haujaribu."

Akabaki Wa Hewani. Huyo haishi ndani ya kompyuta. Anaishi huko kwenye mtandao, unamfungua popote, hata kwenye simu. Ni wa bure naye, lakini kwa sharti moja, kwamba kila unachokichora kinaonekana wazi kwa mtu yeyote duniani, na mtu akitaka anaweza kukuandikia neno juu yake.

"Huyo anaoga barabarani," akasema mzee.

Fundi naye hakumpenda. Fundi cherehani haonyeshi nguo kabla haijapigwa pasi. Mimi nilisimama na Wa Bure, na nilikuwa nimeshaanza kueleza kwamba nimeona ndoa nyingi zenye vinyongo zikifika uzeeni. Hapo mke wa fundi akaweka birika chini.

"Huyo wa tatu," akasema. "Nampenda huyo."

"Kwa nini?" mumewe akauliza.

"Anaonekana."

"Anaonekana na nani?"

"Na yeyote atakayetaka kumwona. Mkichukua mwingine, sawa. Lakini banda la kukaushia kahawa ni langu, na mimi sijasikia kwamba kuna ndege itakayojengwa ndani yake."

Mambo yakaishia hapo. Mzee wa Rubya akafunga kwa sala, na Wa Hewani akaingia nyumbani.

Sasa mwone fundi cherehani akichora ndege. Alijifunza polepole, dukani kwa mama wa steshenari, siku za soko. Bawa la kwanza alilolichora liliwashangaza watu wa kundi, kwa sababu pembeni yote lilikuwa na ubao wa ziada uliokunjwa kwa ndani. Wakamuuliza huu ni ubao wa nini. Akawajibu ni upindo. Alishona sare za shule tangu ujana wake, na hajawahi kumtoa mtoto barazani bila kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ili mwaka ukigeuka mzazi aukunjue. Mhandisi mmoja wa Nairobi akamwandikia kwa heshima zote kwamba ndege haikui. Fundi akajibu kwamba hata wazazi husema hivyo. Mkia akauwekea marinda, akashawishiwa kuyatoa. Alipofika kwenye orodha ya mbao, programu ilikuwa na misonobari ya kila nchi lakini haikuujua msizi, mti ambao nusu ya milango ya Kagera imetokana nao, na kwa wiki nzima alikuwa na huzuni kama mtu aliyeambiwa kijiji chake hakipo kwenye ramani. Na kwa kuwa mikono ilimwasha, kabla mchoro haujafika hata katikati, alishona kifuniko cha kiti cha rubani, cha kitambaa kizito cha kijani, chenye uzi wa dhahabu pembeni. Hicho ndicho kipande pekee cha ndege kilichowahi kukamilika. Mzee wa Rubya alikikalia akasema ni kizuri.

Ilikuwa hivyo hadi asubuhi moja alipofungua mchoro akakuta, pale kwenye gurudumu la mbele, mtu amebandika neno. Wa Hewani ana kidude kama kisanduku kidogo cha maneno unachoweza kukibandika popote. Ndani yake imeandikwa: "Hii itatua wapi?" Na chini yake, jina la mwandishi.

Jina lenyewe siwezi kulitaja, lakini niwaeleze lilikuwa jina gani. Lilikuwa jina la utotoni, alilopewa mtoto mmoja tu wa kijiji hiki, akiwa anatambaa chini ya meza ya kukatia nguo akiokota vipande, na aliyempa ni fundi mwenyewe. Nililitambua kabla sijamaliza kulisoma. Ukoo ukaitwa tena, wote watano, na sote tukalisoma, na hakuna mtu mle ndani ambaye hakulijua.

Mzee wa Rubya akavua miwani. "Huyu ni nani?"

"Mtu wa kundi," akasema fundi.

"Wa Kenya?"

"Huenda ni wa Kenya."

"Ana jina la hapa kwetu."

"Wakenya siku hizi wana majina ya kila namna."

Mkewe alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Mtu wa kundi akiuliza, hujibiwa?"

"Hujibiwa. Ndiyo adabu ya kundi."

"Basi mjibu."

Fundi akajikuna shingo. "Nitamjibu nini? Siwezi kumtajia mtu kiwanja ambacho sijakipima."

"Kapime."

Hapo ndipo nilipoona tulichokifanya. Tulikuwa tumebishana juu ya mahari, ubaba, vinyongo na kuoga barabarani; kundi zima la wahandisi na daktari wa meno walikuwa wamepima uzito wa mkia hadi nusu ya kilo; na hakuna hata mmoja wetu, msomi au asiyesoma, aliyewahi kuuliza kama Goziba kuna mahali pa kutua ndege. Fundi naye aliliona. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Hiyo itakuwa safari ya kupima," akasema. "Si safari ya kumfuata mtu. Nataka lieleweke."

"Hakuna aliyesema ya kumfuata mtu," mkewe akajibu, na tayari alikuwa anakunja shati la mumewe.

Alikwenda kupima uwanja wa ndege kwa futi ya cherehani. Ile ile ya njano anayoivaa shingoni, ambayo ukimpima mtu mrefu inaishia kwenye goti. Pale kanisani kuna futi ndefu ya kamba, iliyotumika kupimia msingi wa nyumba ya mchungaji. Ninajua inakaa kwa nani. Nilifungua mdomo kusema, mke wa fundi akanikanyaga mguu chini ya meza. Kwa hiyo fundi akapita Muleba, akashuka mwaloni zinakoegeshwa boti, akapanda boti aliyoapa kutoipanda. Walioabiri naye wanasema alikaa kinyumenyume njia nzima, uso umeelekea alikotoka, ili mtu asije akasema alimwona anaelekea Goziba.

Yaliyotokea kisiwani nilihadithiwa na binti mwenyewe, Jumapili mchana baada ya maziko, tukiwa tunamenya ndizi za wageni waliobaki. Anasema alisikia kelele, watu wakicheka kuelekea majini. Akaenda na mtoto mgongoni. Akamkuta baba yake amepiga magoti kwenye mawe, anatandaza futi, anaweka alama kwa chaki, anaisogeza, anatandaza tena, na wavuvi wamemzunguka.

"Mzee," mmoja alikuwa anamuuliza, "unakishonea kisiwa suruali?"

"Sogea pembeni," fundi akasema. "Umekanyaga kiuno."

Futi ilikuwa inarudi kila akiiachia, kwa sababu ya upepo. Binti anasema alisogea hadi karibu. Baba yake hakuinua macho. Alinyoosha mkono na kumpa ncha ya futi.

"Shika hapo," akasema. "Usivute."

Akashika. Baba akatamka kipimo, binti akakirudia kwa sauti, kama walivyofanya barazani miaka yote, na wakaendelea hivyo, kipande kwa kipande, kutoka majini kupanda juu. Uwanja ukapita katikati ya chanja za dagaa. Ukapita nyuma ya duka la vocha. Ulipofika kwenye mwamba mkubwa ukageuka kushoto.

"Tata," binti akauliza, "uwanja wa ndege unakata kona?"

"Unafuata ardhi."

Ukafuata ardhi, ukakata kona nyingine, mpaka jua limeanza kuchoka ukafika kwenye nyumba ya mabati yenye pazia la bluu. Fundi akaweka alama ya chaki kizingitini, akabaki ameinama.

"Hapa ndipo mwisho?" binti akauliza.

"Sijui. Huenda unaendelea ndani."

"Basi ingia upime."

Akaingia. Na chai ikatengenezwa.

Aliporudi Maruku alikwenda moja kwa moja dukani kwa mama wa steshenari, akafungua mchoro, na chini ya lile swali akaandika jibu lake: "Hakuna mahali." Nilidhani ndege imekufa pale. Haikufa. Baada ya muda akaanza kusema kwamba futi ya kitambaa ikilowa huvutika, na vipimo vile huenda si sahihi, na mtu mwaminifu hana budi kurudia. Akarudia. Baadaye akasema maji ya ziwa yamepanda na ufukwe umebadilika, akaenda tena. Alipima Goziba kuliko wapimaji wa serikali walivyoipima Kagera nzima, na kila aliporudi alikuja na dagaa na habari za wajukuu, ambazo alizitaja kama mambo aliyoyaona kwa bahati akiwa kazini. Binti naye akaanza kuja nyumbani. Mume wake alikuja na rubisi na watu wa kumsemea, na mzee wa Rubya akawaacha wamesimama uani kwa muda mrefu wa kutosha, kisha akawafungulia. Mchoro upo huko hewani hadi leo, na yeyote anaweza kuufungua akaona bawa lenye upindo. Wale wawili wa Mwanza waliendelea kuurekebisha mkia wake hadi wiki aliyofariki. Na ni baada ya maziko tu mama wa steshenari aliponiambia kwamba siku ileile tuliyomchagua Wa Hewani, kabla hata hajafunga kompyuta, mke wa fundi alimfuata mlangoni na kumwomba amwandikie kwenye simu yake namna mtu aliye mbali anavyoweza kuufungua huo mchoro.

Siku hizi hawaji tena kuniuliza habari za nyumba za watu. Vijana wanaangalia picha kwenye simu, wanapendana, tunaletewa kadi ya mchango. Sisemi ni vibaya; nimechunguza wachumba wengi waliotoka nyumba nzuri wakawa balaa. Lakini nimefikiri sana wiki hii juu ya kile kikao chetu. Sisi wanne tuliuliza maswali yote ambayo mtu mwenye akili huuliza akichagua chombo: kina nguvu gani, kinagharimu nini, kikivunjika nani atakitengeneza, tukiachana kitaondoka na nini. Ni maswali mazuri na sijutii hata moja. Mwanamke mmoja peke yake alitaka kujua chombo hicho kitamruhusu nani kuingia. Hakujali kama ndege itaruka, na nadhani alijua tangu mwanzo kwamba haitaruka. Ninyi mnaosoma hapa, mkichagua programu, au simu, au fundi, au mkwe, ulizeni na hilo. Kuna watu ambao hawawezi kurudi kwa mlango waliotokea, na mwenye nyumba hawezi kuwafuata huko nje. Inabidi mtu mwingine awafungulie mahali pengine, tena pawe mahali pa kipuuzi kiasi kwamba wote wawili wanaweza kupita bila kuonekana wameshindwa.

Limebaki jambo moja ambalo sina hakika nalo, na linanisumbua kuliko majina yote. Binti anasema kwamba ile chai ya kwanza baba yake aliinywa amesimama, futi mkononi, kama mtu aliye njiani. Mume wake anasema hapana, mzee alivuta kigoda, akakaa, akaomba na ya pili. Nimewauliza mmoja mmoja na kila mmoja ameshikilia lake. Ikiwa kuna mtu wa Goziba aliyesimama karibu na lile pazia la bluu jioni ile, naomba anisahihishe. Nataka kujua kama alikaa.